Somo: Kumpandisha mtoto sledi ya mbwa na kumrudisha vidole vikiwa na joto

Wazazi wengi wanaompeleka mtoto kwenye sledi, chombo kinachoteleza juu ya theluji kikivutwa na mbwa, kwa mara ya kwanza huwahofia mbwa. Huski, aina ya mbwa wa nchi za baridi, wanaovuta watalii wameshikwashikwa na watu tangu wakiwa watoto, na si wakubwa kama wengi wanavyodhani: wengi wana kilo 16 hadi 27. Safari za watoto huharibiwa na mambo mawili: baridi ya kukaa tuli, na sledi kuondoka kabla watu hawajawa tayari. Soma hatua ya 2 na ya 4 mara mbili.

Hatua ya 1: Chagua safari fupi

Mtoto wa miaka 3 hadi 6 anatosheka na kilomita 3 hadi 5, yaani dakika 15 hadi 30. Mkubwa zaidi anaweza kwenda kilomita 10, kama saa nzima pamoja na vituo. Kichanga mwache ndani, kwa sababu hawezi kukuambia kwamba vidole vimekufa ganzi.

Kabla ya kulipa uliza nani anaendesha. Ukiwa na mtoto mdogo, chukua safari ambayo mwongozaji ndiye anayeendesha na wewe unakaa na mwanao. Uliza pia baridi ikifika nyuzi ngapi wanaahirisha. Anayekujibu kwa namba, bila kusitasita, anaijua kazi yake. Kwa Lapland, eneo la kaskazini mwa Ulaya, Machi huwafaa watoto kuliko Desemba: theluji imeshajaa na mchana ni mrefu, ilhali Desemba, kaskazini kabisa, jua halichomozi.

Hatua ya 2: Mavazi

Mwendeshaji anasukuma, anakanyaga breki, anakimbia kwenye mpando, hata jasho linamtoka. Mtoto aliyeketi kikapuni, sehemu ya sledi ya kukaa abiria, hafanyi kazi yoyote, kwa hiyo mwili wake hautengenezi joto la ziada, na upepo wa mwendo unamnyang'anya hata hilo dogo alilo nalo. Hewa ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri na sledi ikienda kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni nyuzi 24 chini ya sifuri. Usimvishe kwa kujipima wewe uliyesimama.

Nguo ya kwanza, inayogusa mwili, iwe sufu au poliesta. Pamba haifai, kwa sababu ikishanywa jasho inabaki mbichi na kumpoza mtoto mpaka mwisho wa safari. Juu yake flisi (nguo laini ya manyoya ya poliesta) au sweta ya sufu, kisha ovaroli isiyopitisha upepo. Ovaroli na buti mara nyingi huazimwa palepale. Chukua zilizopwaya kidogo.

Miguuni ndipo wazazi wanapokosea zaidi. Wanaongeza soksi ya tatu, buti inabana, damu haifiki vidoleni, na mguu unapoa haraka kuliko ungekuwa na soksi moja. Tumia soksi moja nyembamba na moja nene ya sufu, basi. Mtoto akishavaa buti, mwambie achezeshe vidole. Vikikwama, punguza soksi au badilisha buti.

Glavu ziwe za mfuko, vidole vinne pamoja na gumba peke yake, maana vidole vikikaa pamoja vinapashana joto. Miwani ya theluji ni ya lazima: miguu ya mbwa hurusha mabonge ya theluji usawa wa uso wa mtoto kikapuni. Skafu ndefu iache, mwisho wake unaweza kunasa. Mvishe ya duara. Hereni za chuma zivuliwe.

Vile vifuko vya kemikali vya kupasha joto vinafanya kazi kwa kupata hewa. Vifungue dakika kumi na tano kabla ya kuvitumia, na visiguse ngozi. Ndani ya buti iliyobana havisaidii kitu.

Na choo kwanza, ovaroli baadaye.

Hatua ya 3: Mwonyeshe mtoto sledi kabla mbwa hawajafungwa

Chini kuna vitelezi viwili virefu. Mwendeshaji husimama kwenye ncha zake za nyuma akishika mpini. Katikati ya vitelezi, nyuma, kuna breki, chuma chenye meno kinachochimba theluji kikikanyagwa, na mara nyingi kipande cha mpira cha kupunguza mwendo tu. Halafu nanga: kulabu nzito ya kukita kwenye theluji sledi ikisimama.

Mbwa wanne hadi sita hufungwa wawili wawili kwenye kamba kuu. Wa mbele ndio viongozi wanaosikiliza amri. Wa nyuma, walio karibu na sledi, ndio wenye nguvu. (Kule Greenland, ambako hakuna miti ya kunasa kamba, mbwa hufungwa kwa kutawanyika kama upepeo.)

Sheria moja kwa mtoto: haruki wala hakanyagi kamba kuu, hata ikiwa imelala chini. Mbwa mmoja akichomoka, inakazika kwa kufumba na kufumbua na mguu unanasa.

Hatua ya 4: Kukaa na kuondoka

Mtu mzima anakaa nyuma ya kikapu, mtoto kati ya miguu yake, mgongo ukiegemea kifua. Chini kuwe na ngozi ya manyoya au godoro jembamba, juu blanketi. Mikono ya mtoto ibaki ndani. Asishike ubavu wa sledi, kwa sababu njia ikipita karibu na mti, vidole ndivyo vinavyogonga.

Dakika za kabla ya kuondoka ni za kelele kubwa mno. Mbwa wote wanabweka, wanaruka, wanaitingisha sledi. Mwambie mtoto mapema kwamba wanapiga kelele kwa hamu ya kukimbia na kwamba watanyamaza. Ndivyo inavyokuwa: kamba ikifunguliwa tu, kimya kinashuka, unasikia vitelezi vikikwaruza theluji na pumzi za mbwa zikienda kwa mpigo.

Mpangilio usibadilishwe: sledi imefungwa kwenye nguzo na nanga iko chini; mwendeshaji anapanda na kukanyaga breki kwa miguu yote miwili; abiria wanakaa; nanga inang'olewa; kamba ya nguzo inafunguliwa mwisho. Nanga au kamba ikitoka mapema, mtoto anaweza kuondoka na mbwa bila dereva. Anayeendesha haachii mpini hata akianguka, maana mbwa hawatamsubiri.

Hatua ya 5: Njiani

Kwenye mteremko mwendeshaji anafunga breki kidogo ili kamba ibaki imekazika. Ikilegea, sledi inawagonga mbwa wa nyuma. Kwenye mpando anasukuma kwa mguu mmoja. Kwenye kona wote wanalalia upande wa ndani.

Simameni kila dakika 10 au 15. Usimuulize mtoto kama anasikia baridi. Atakataa kwa kuogopa safari isikatizwe. Mwambie achezeshe vidole vya miguu, na umtazame pua, mashavu na masikio. Doa jeupe au la kijivu ni dalili kwamba ngozi imeanza kuganda. Lifunike kwa kiganja kikavu chenye joto. Usilisugue, wala usitumie theluji. Rangi isiporudi kwa dakika chache, safari imekwisha: rudini ndani na mtafute daktari.

Mbwa hujisaidia huku wakikimbia, na aliyekaa mbele ndiye wa kwanza kuisikia harufu. Mwambie mtoto mapema, atacheka.

Hatua ya 6: Kuwaaga mbwa

Baada ya kukimbia wametulia. Mwombe ruhusa mwongozaji, kisha mtoto asogee kwa ubavu, anyooshe mkono chini ya kidevu cha mbwa, akune kifua. Kupitisha mkono juu ya kichwa au kukumbatia shingo kunamtia mbwa wasiwasi. Chakula kisiwe mkononi. Baadaye, kunawa kwa sabuni.

Maswali

*Wakuu, asanteni kwa somo. Mwanangu ana pumu, aende?*

Mkuu, mwone daktari wake kwanza, kwa sababu hewa baridi na kavu inaweza kuamsha pumu. Akiruhusiwa, pampu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Ikipoa sana haitoi dozi sawasawa. Kitambaa chepesi mdomoni kinasaidia kupasha hewa anayovuta.

*Binti yangu wa miaka 10 anang'ang'ania kuendesha mwenyewe.*

Breki inategemea uzito wa anayeikanyaga. Mtoto wa kilo 30 akisimama juu yake, mbwa wanne wenye hamu wanaendelea kukimbia. Asimame kwenye vitelezi mbele ya mwongozaji, mikono yao wote wawili ikiwa kwenye mpini.

*Nitajuaje mbwa wanatunzwa vizuri? Wengine naona wamekonda.*

Swali zuri, dada. Huski wa mbio ni wembamba kwa asili: mbavu unazigusa kwa mkono, lakini mifupa ya nyonga haichomozi. Angalia kama vibanda vina majani makavu, kama mbwa wanapewa maji, kama wanajikunyata mtu akipita. Mwongozaji mzuri anaita kila mbwa kwa jina na anakagua nyayo. Zenye mikwaruzo anazivisha viatu vya kitambaa. Na ikiwa theluji inayeyuka, usilazimishe safari ndefu. Wao hukimbia vizuri kwenye nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri. Juu ya sifuri miili yao inapata moto kupita kiasi.

*Simu yangu huzima kwenye baridi.*

Iweke ndani ya koti, itoe kupiga picha tu.

*Sledi ikipinduka na mtoto yumo?*

Mfundishe kabla ya safari: mikono kifuani, kidevu chini, aache mwili uviringike. Ndiyo maana hafungwi kamba kikapuni. Theluji ya pembeni mara nyingi ni laini, na sledi iko chini, hivyo haanguki mbali. Aliyekaa naye ndiye anayemwangalia mtoto. Mwendeshaji anabaki ameshika mpini, anaburuzwa ikibidi, mpaka mbwa wasimame, kisha anaikita nanga kwa kisigino mpaka izame. Asiinue sledi kabla ya hapo, kwa sababu ikisimama tu juu ya vitelezi, mbwa wanaondoka.