NGC 253 kwa darubini ya Chile, ukiwa Nairobi

Mwanga wa Nairobi umemeza galaksi karibu zote, na mawingu ya Julai humalizia kazi. Njia ya mkato ni kukodi darubini inayojiendesha, mfano zile za iTelescope, huduma ya kukodisha darubini mtandaoni, huko Río Hurtado, Chile. Unaandika mpango kwenye tovuti, darubini inautekeleza usiku wao, kisha unapakua faili. Stima ikipotea Kayole katikati ya zoezi, darubini haina habari. Kinachoharibu kazi ni tarakimu ulizoandika mwenyewe.

Tuanze na NGC 253, galaksi iliyo katika kundinyota la Sculptor. Urefu wake angani ni kama dakika 27 za tao (dakika 60 ni nyuzi moja, sekunde 60 ni dakika moja), na majira yake mazuri ni Agosti hadi Novemba.

Chagua darubini kwa hesabu, si kwa ukubwa. Zidisha 206.265 kwa upana wa pikseli (mikromita), kisha gawanya kwa urefu wa fokasi (milimita). Kamera ya pikseli 3.76 kwenye darubini ya milimita 530 inakupa sekunde 1.46 za tao kwa pikseli, na galaksi inakuwa kijipande cha pikseli 1,100 kati ya 9,576 za upana wa picha. Ya milimita 2,000 inafaa zaidi. Hapo unganisha pikseli 2×2, yaani nne zihesabiwe kama moja: unapata sekunde 0.78, na faili inashuka kutoka MB 122 hadi kama 31. Fremu (picha mojamoja) 48 za mpango ulio hapa chini zitakula GB 1.5 badala ya karibu 6, na bando lako litakushukuru.

Sasa saa. Fomu nyingi hutaka UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwa hiyo toa saa tatu kwenye saa ya simu: 09:00 inakuwa 06:00. Kuanzia Septemba hadi mwanzo wa Aprili, Chile iko saa sita nyuma yetu, na hapo saa ya Kiswahili inatufaa ajabu: ukisema saa tatu asubuhi hapa, saa ya ukutani kule inaonyesha tatu kamili, bado usiku. Katikati ya Oktoba giza lao linaanza kama saa tisa na robo usiku wetu, na galaksi inafika karibu na utosi saa moja asubuhi. Weka kazi kati ya saa kumi na saa nne. Haitashuka chini ya nyuzi 45 juu ya upeo wa macho. Chagua usiku usio na mwezi.

Kwenye fomu jaza anwani ya galaksi angani: RA (mashariki-magharibi) 00h 47m 33s na Dec (kaskazini-kusini) −25° 17′. Hapa ndipo watu huangukia. RA ikitakiwa kwa saa, ni 0.7925; ukiandika 11.888, ambayo ni nyuzi, darubini inakwenda upande mwingine kabisa wa anga. Ukisahau alama ya kutoa kwenye Dec, nyuzi +25 bado hupanda hadi 34 hivi kutoka Chile, kwa hiyo mashine haitalalamika. Itakupigia anga tupu kwa utiifu, na utalipa. Piga fremu moja ya sekunde 60 kwanza.

Ikiwa sawa: fremu 24 za sekunde 300 bila rangi, kisha 8 kwa kila filta ya nyekundu, kijani na buluu. Washa kusogeza lengo pikseli kadhaa kati ya fremu, la sivyo kasoro za kamera zitajichora kama mistari. Fokasi irudiwe kila saa na kila filta inapobadilishwa. Nyota zenye umbo la mandazi yaliyotobolewa katikati ni dalili kwamba haikurudiwa.

Ukishapakua, angalia kama faili zimesahihishwa tayari. Ukitoa fremu za giza (zinazopigwa kamera ikiwa imefunikwa) mara ya pili, sehemu hafifu zinakatika hadi sifuri na hazirudi. Tupa fremu ambazo nyota zimepungua huku usuli ukipanda: hilo ni wingu. Zilizobaki zipandanishe kwa Siril, programu ya bure, ukiwasha uondoaji wa thamani zilizopotoka, yaani pikseli zinazotofautiana mno na fremu nyingine. Ndio unaofuta mistari ya setilaiti. Ondoa mteremko wa mwanga wa usuli kabla ya kusawazisha rangi, kisha ndipo uinue mwangaza. Ukianza na kuinua, rangi hazitasawazishika vizuri.