Resti kwenye snuka: acha kulalia meza

Hapa Kirumba, Mwanza, kijana akishika resti (fimbo ndefu yenye kichwa cha msalaba, ya kuegemezea fimbo ya kupigia mpira ukiwa mbali), washikaji wanamcheka: "Mzee, mkongojo huo!" Ndiyo maana wengi tumekua tukijinyoosha juu ya meza ya pool mpaka shati linafagia mipira. Kwenye meza ya futi 7 unaponea chupuchupu. Meza kamili ya snuka ni futi 12 kwa 6, na sheria inataka walau mguu mmoja ubaki sakafuni. Resti utaishika tu.

Naeleza kwa anayepigia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

1. Mstari kwanza. Simama nyuma ya mpira mweupe, uone njia yake, ndipo uchukue resti.

2. Tia nanga. Kichwa cha resti kikae sentimita 25 hivi nyuma ya mpira mweupe. Ukikigeuza, kina upande wa chini na wa juu; wa chini unatosha mipigo mingi, wa juu ni wa kuupiga mweupe sehemu ya juu. Mpini ulaze kitambaani, ukienda kushoto kidogo ili usizuie fimbo, kisha uukandamize kwa mkono wa kushoto. Wengi wanauacha uelee hewani. Mtumbwi usio na nanga hauvuliwi sangara, na resti inayotikisika haiingizi mpira.

3. Mkono wa kulia. Hapa ndipo penye kazi. Sahau ule mshiko wa kuning'iniza mkono. Kitako cha fimbo kishike kwa vidole: gumba chini, cha shahada na cha kati juu, bila kubana. Kiwiko kitoke nje ubavuni, kikaribie usawa wa bega, na sehemu ya mkono kutoka kiwiko hadi kiganja isogee sambamba na fimbo. Kidevu kiwe juu ya fimbo, lakini usijikunje sana. Ukiinama kupita kiasi kiwiko kinakosa nafasi.

4. Piga. Rudisha fimbo kidogo, tulia, kisha isukume moja kwa moja mpaka ipite pale mpira ulipokuwa. Nguvu nyingi hapa ni hasara. Bega likiingia kazini, umekosa.

5. Ondoa resti taratibu. Ikigusa mpira wowote ni faulo, pointi 4 au zaidi kwa mwenzako. Mimi nimewahi kuingiza nyeusi safi kabisa, halafu nikaisukuma nyekundu kwa mpini nikishangilia.

Mpira mwingine ukiziba nyuma ya mweupe, omba buibui, ile resti yenye miguu mirefu. Ronnie O'Sullivan, yule nyota wa snuka, mara nyingi hukwepa yote haya kwa kupiga kwa kushoto. Sisi tuendelee na mkongojo.

Zoezi: weka mweupe kwenye alama ya mpira wa kahawia, upige kwa resti kupitia alama za mipira ya bluu, pinki na nyeusi. Mpira ukigonga ukingo na kurudi kwenye ncha ya fimbo yako, kiwiko kimekwenda sawa. Ukirudi pembeni, rudia hatua ya 3.