Ngano: Anza Kuhesabu Siku Kutoka Mwezi wa Kuvuna

Wakulima wengi wa Uasin Gishu, Kenya, hupanda ngano siku wanapopata trekta. Naelewa, kwa sababu matrekta ni machache na foleni ni ndefu. Lakini tarehe hiyo ndiyo inayoamua mavuno, na lazima iende pamoja na mbegu uliyochagua: anza na mwezi unaotaka kuvuna, kisha rudi nyuma kwa idadi ya siku ambazo mbegu hiyo huchukua kukomaa.

Mvua za huku huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi karibu Oktoba, na Agosti hunyesha sana. Ngano hutaka maji inapotoa masuke na kujaza punje, kisha jua la kuikausha. Ukipanda mbegu ya siku 100 katikati ya Aprili, itakomaa mwishoni mwa Julai. Kombaini, mashine ya kuvunia, haitaingia kwenye matope, na punje zitaanza kuota zikiwa bado kwenye suke. Mbegu ya siku 130 ukiipanda mwishoni mwa Mei, utavuna Oktoba mvua zikipungua. Ukiichelewesha hadi katikati ya Julai, itajaza punje wakati udongo umeshakauka. Fikicha suke moja kiganjani upulize: punje zilizosinyaa zitapeperuka pamoja na makapi. Kwa hiyo ukichelewa, badilisha mbegu, chukua inayokomaa mapema. Mbolea hairudishi siku zilizopotea. Na mashamba ya juu, kuelekea Timboroa, ongeza siku kadhaa kwenye hesabu yako, maana baridi huchelewesha ngano.

Kuna pia kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngano. Aina ya kutu iitwayo Ug99, iliyoonekana Uganda mwaka 1998, ilishinda kinga iliyotegemewa na ngano nyingi duniani. Mbegu ya Robin ilipotoka kituo cha utafiti cha Njoro ilikuwa inastahimili, na wakulima waliipenda kwa uzao wake; miaka michache baadaye kutu ikabadilika, ikaishinda nayo. Ndiyo maana nasisitiza: usipande mbegu kwa sababu tu ilizaa vizuri zamani. Kila msimu waulize KALRO (shirika la utafiti wa kilimo la Kenya) pale Njoro mbegu ipi bado inastahimili, na ukiweza gawa shamba upande aina mbili.

Ngano iliyochelewa hupokea vumbi la kutu kutoka mashamba ya majirani yaliyotangulia, kwa hiyo ikague mara nyingi zaidi. Ikianza kutoa masuke, ingia shambani kila baada ya siku chache, upitishe kidole gumba kwenye shina. Kikitoka na unga wa rangi ya matofali, tafuta dawa ya ukungu siku hiyohiyo.