Mambo ya kuzingatia kabla ya kulipeleka alaimenti gari linalovuta upande

Gari likianza kuvuta kushoto au kulia, karibu kila utakayemuuliza atakwambia: kafanye alaimenti. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila unakuja mapema mno. Alaimenti ni kupima na kurekebisha pembe za matairi, basi. Haiponyi boljointi (kiungo cha duara kinachoruhusu tairi kugeuka) iliyokwisha, kalipa (kifaa kinachobana breki) iliyoganda wala tairi lililoharibika ndani. Ndiyo maana watu hulipia leo, wakafurahi kwa muda, kisha gari likarudia tabia yake huku matairi mapya yakizidi kulika upande mmoja. Kazi hii inatakiwa iwe ya mwisho, na mengi ya kuitangulia unaweza kuyachunguza mwenyewe nyumbani kabla hujatoa hata shilingi.

Ichunguze kwanza barabara. Kwetu Tanzania na Kenya tunaendesha kushoto, na lami hujengwa ikiwa imeinuka katikati ili maji ya mvua yashuke mtaroni. Kwa hiyo hata gari lisilo na hitilafu, ukilegeza usukani, litaelekea kushoto polepole. Huo si ugonjwa. Kwenye barabara kuu zinazobeba malori ya kwenda Zambia na Kongo, lami hubonyea na kuacha mifereji miwili, na gari dogo likiingia humo huyumba hata kama halina kasoro. Tafuta eneo pana, tambarare na lisilo na watu, upite kwa mwendo wa wastani kwenda na kurudi palepale, mikono ikiwa karibu kabisa na usukani. Likivuta upande uleule kwenda na kurudi, tatizo ni la gari.

Ukiwa hapohapo, angalia linavuta wakati gani: muda wote, ukikanyaga breki tu, au ukikanyaga mafuta tu. Jibu la swali hili ndilo litakalomwongoza fundi kuliko maneno mengine yote utakayomwambia. Tena tofautisha kuvuta na usukani kukaa upande. Kama gari linakwenda moja kwa moja ila usukani umeinama, hapo kweli yaelekea ni alaimenti, au kuna kilichopinda baada ya kuingia shimoni.

Kisha pima upepo, asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likipata moto kipimo hupanda. Tairi moja la mbele likipungua, gari huvuta upande huo, na hili peke yake limewapeleka wengi gereji bure. Usikubali kujaziwa kwa mazoea ya kijana wa sheli. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari yaliyotumika kutoka Japani mara nyingi yana kibandiko cha Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: ukiona 220, na pembeni 2.2 kwenye mabano, ni kilopaskali 220, yaani takriban PSI 32. Ukiona 250, ni takriban PSI 36.

Upepo ukiwa sawa, yatazame matairi yenyewe. Tairi lililolika kingo zote mbili limetembea na upepo mdogo. Lililolika katikati limejazwa kupita kiasi. Likilika ukingo mmoja tu, wa ndani au wa nje, huenda pembe ya kusimama kwa tairi imeharibika. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, kutoka ndani kwenda nje, kisha rudi: kama upande mmoja unateleza na mwingine unakwaruza, matairi hayaelekei mbele kwa usawa. Angalia pia kama kuna uvimbe. Tairi lenye uvimbe halina cha kupimwa, linatolewa.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana kwa macho, na kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika zaidi: nyaya za chuma ndani ya tairi zikikaa vibaya, tairi hubingirika kama koni na kulivuta gari, hata likiwa jipya. Jipatie jibu kwa kubadilishana matairi mawili ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia liende kushoto, halafu ujaribu tena kwenye eneo lilelile. Gari likihamia kuvuta upande wa pili, umempata mkosaji ni tairi. Likivuta vilevile, endelea kutafuta kwingine. Kama matairi yako yana mshale wa kuonyesha mzunguko, usiyavushe upande. Badilisha ya mbele na ya nyuma ya upande uleule. Wanaonunua matairi ya mtumba wajaribu hivi kabla ya jambo lingine lolote.

Breki hudanganya sana. Endesha kilomita chache bila kukanyaga breki mara nyingi, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuishika. Rimu moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, breki ya tairi hilo haiachii: pini za kalipa zimekauka, pistoni imeganda kwa kutu, au paipu ya mpira ya breki imevimba ndani na kuzuia mafuta ya breki kurudi. Gari huvuta upande wa tairi hilo muda wote, na mafuta ya kuendeshea nayo huisha haraka. Lakini likivuta pale tu unapokanyaga breki, mara nyingi mbovu ni ile ya upande wa pili. Likivuta kulia, breki ya kulia inashika na ya kushoto haishiki vya kutosha. Wapo waliobadilishiwa kalipa nzima wakaachiwa mbovu kwa kutolijua hili. Hitilafu ya breki haisubiri mwisho wa mwezi.

Sasa miguu ya gari, yaani viungo vinavyoshikilia matairi. Weka mawe nyuma ya matairi yanayobaki chini, inua mbele kwa jeki, kisha weka stendi imara. Usiweke mwili wako chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Shika tairi kwa mikono miwili, kulia na kushoto, ulitikise. Likicheza, tairodi endi au raki endi imelegea, yaani viungo vya nje na vya ndani vya tairodi, fimbo inayogeuza tairi. Shika juu na chini, utikise tena: likicheza hapo, shuku boljointi au beringi. Mulika tochi kwenye mikono ya chini, vyuma vinavyounganisha tairi na gari, uone kama bushi (mipira ya kwenye maungio yake) zimepasuka. Bushi mbovu mara nyingi ndiyo inayofanya gari livute unapokanyaga mafuta, kwa sababu mkono unasogea kila injini inapovuta. Ukipima alaimenti kitu kikiwa kinacheza, kipimo cha sasa si kipimo cha dakika kumi zijazo. Gereji nzuri itakukatalia hadi ubadilishe, na hiyo ni dalili ya kuiamini.

Ukinunua spea, iwe Gerezani Kariakoo jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, nenda na ya zamani mkononi. Na fundi akifunga bushi mpya, mwombe akaze boliti za mkono gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Zikikazwa tairi likining'inia, mpira hubaki umejinyonga na hukatika mapema. Mkono uliopinda usikubali unyooshwe kwa moto na nyundo. Chuma kikishapikwa hivyo hupoteza nguvu yake, na ndicho kinachoshikilia tairi lako.

Pima pia urefu wa gari kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini, springi imelala. Toa kwenye buti mizigo usiyoibeba kila siku, maana gari lipimwe kama linavyotembea kila siku.

Hapo ndipo uende kwenye mashine. Uliza kama inapima matairi yote manne, kwa sababu ya nyuma yakielekea pembeni, usukani wa mbele hautanyooka kamwe. Hakikisha wanachagua gari sahihi kwenye kompyuta. Magari ya soko la Japani hayapo kwenye orodha za mashine nyingi, na Vitz, kwa mfano, hupatikana kwa jina la Yaris. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kuna pembe tatu za kuisoma. Tou ni jinsi matairi yanavyoelekea, na ndiyo inayokula matairi haraka kuliko zote, ingawa kwa kawaida hailivuti gari. Kemba ni tairi kuinama ndani au nje, na kasta ni mwegemeo wa mhimili ambao tairi hugeukia. Gari huvuta upande ambao tairi limeinama zaidi kwenda nje, au upande wenye kasta ndogo. Katika magari madogo mengi kiwandani wameruhusu kurekebisha tou ya mbele tu. Kemba ikiwa nje ya kiwango, kuna kilichopinda au kuchakaa, na anayekwambia ameiweka sawa kwa kuzungusha tairodi hasemi kweli.

Jambo moja la kukataa bila aibu: fundi kuuchomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Unyoofu huo ni wa macho tu, matairi yatabaki yalivyo, na kwenye usukani kuna mfumo wa eabegi (mfuko wa hewa wa kumkinga dereva kwenye ajali) usiotaka kuguswaguswa. Usukani hunyooshwa kwa tairodi mbili, kushoto na kulia, kwa kiasi sawia, kisha nati zake zikakazwa.

Usilipe kabla hujalijaribu gari pamoja na fundi. Likiwa na vipimo vyote vya kijani, yaani ndani ya kiwango, kwenye karatasi na bado linavuta, rudini kwenye matairi na breki. Likikaa sawa, itunze karatasi ile pamoja na kadi ya gari. Siku likianza kuvuta tena, fundi ataona mara moja ni pembe ipi iliyohama.