Somo: Unyunyu wa kiume wenye viungo, usio na utamu

Mwanaume akiingia dukani Kariakoo na kusema anataka kitu kikali chenye viungo ila kisinukie pipi, mara nyingi atapewa chupa nyeusi yenye jina la kutisha. Dakika kumi za kwanza ni pilipili tupu. Akifika Mbagala ananukia keki.

Viungo vyenyewe havina kosa. Iliki ya kwenye pilau na iliki ya kwenye maandazi ni ile ile, kilichoongezwa ni sukari. Kwenye manukato sukari hiyo hukaa chini kabisa, na hujitokeza viungo vikishapaa. Kwa hiyo ukichagua, shughulika zaidi na kitako, yaani harufu inayobaki mwisho, kuliko harufu ya kwanza.

Hatua ya 1: Jua unataka viungo gani. Kuna vikavu: pilipili manga, iliki, tangawizi, kungumanga. Na kuna vya moto: mdalasini, karafuu, zafarani. Hivi vya moto watengenezaji hupenda kuvilaza juu ya vanila. 1 Million ya Paco Rabanne (2008) ina mdalasini ndani, lakini muulize yeyote aliyekaa karibu na mvaaji atakwambia ni tamu. Spicebomb ya Viktor & Rolf (2012) inavumilika kidogo, ila ile ya Extreme (2015) imejaa tumbaku na vanila. Kwa joto la Dar mimi naanza na kundi la kwanza bila kujiuliza.

Hatua ya 2: Soma kitako. Kabla hujatoka nyumbani, tafuta intaneti orodha ya harufu za msingi za chupa unayoitaka. Ukiona vanilla, tonka (mbegu inayonukia kama vanila), benzoin (utomvu mtamu wa mti), praline, caramel au honey, kaa macho. Amber nayo kwa kawaida huja na utamu. Ukiona vetiver, cedar, leather, incense au oakmoss, hapo ndipo penyewe: mizizi, mbao, ngozi, ubani, kuvumwani. Dukani geuza boksi usome viambato. Eugenol ni harufu kuu ya karafuu, Cinnamal ni ya mdalasini. Coumarin ipo kwa wingi kwenye tonka. Haithibitishi kwamba ni tamu, maana manukato mengi ya kinyozi ya zamani yanayo pia, lakini inatosha kukufanya unuse mara mbili.

Hatua ya 3: Jina moja, chupa nyingi. Sauvage ya Dior iliyotoka 2015 ni eau de toilette yenye pilipili na bergamoti. Eau de parfum yake (aina nzito zaidi) ya 2018 iliongezwa vanila. Muuzaji atakwambia "ni ile ile, hii inakaa zaidi tu". Siyo ile ile.

Hatua ya 4: Jaribu juani. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Duka la Mlimani City lina kiyoyozi, na kwenye baridi karibu kila kitu kinanukia kikavu. Pulizia mara moja mkononi upande wa ndani, usisugue, lipa maji yako utoke. Panda daladala, tembea, toka jasho. Nusa baada ya nusu saa, kisha baada ya saa mbili au tatu. Joto na unyevu wa hapa husukuma harufu nje kwa nguvu, na utamu uliokuwa umejificha hautabaki mafichoni. Usijaribu zaidi ya mbili kwa siku, moja kila mkono. Pua ikichoka, nusa nguo yako mwenyewe. Kale kabakuli ka kahawa wanakokupa dukani unuse ni mbwembwe.

Hatua ya 5: Namba ya bechi chini ya chupa ifanane na ya kwenye boksi. Ikifanana bado siyo ushahidi kwamba ni orijino, ila isipofanana ondoka.

Nikilazimishwa kutaja moja, ni Terre d'Hermès ya Jean-Claude Ellena (2006): chungwa, pilipili, vetiver, na kitu kama jiwe lililogongwa. Declaration ya Cartier (1998), ya mtunzi huyo huyo, ina iliki safi sana, lakini ina bizari nyembamba pia, na kwenye mwendokasi saa kumi na moja jioni kuna watakaodhani hujaoga.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, haya manukato ya mafuta ya kupima kwa mililita yanafaa?*
Yanafaa kwa mfuko. Lakini ni mafuta, hayapai kama spiriti, hivyo pilipili haichomi pua vizuri na kitako kinatawala mapema. Omba yenye vetiver au ubani.

*Kaka, rafiki yangu akivaa ni kavu, mimi nikivaa hiyo hiyo inakuwa tamu. Ngozi yangu ina nini?*
Kabla ya ngozi, angalia unachojipaka. Losheni ya kokoa na mafuta ya nazi vina utamu wao. Tumia mafuta yasiyo na harufu wiki hii, kisha urudi hapa.

*Nikipaka mafuta ya karafuu yenyewe si nimemaliza kazi?*
Hapana, ndugu yangu. Eugenol ikiwa nyingi inaweza kuwasha na kuunguza ngozi. Halafu utanukia kliniki ya meno, maana madaktari wa meno wanaitumia.

*Mwalimu, mke wangu anafukiza nguo zangu udi. Nimkataze?*
Usithubutu. Ila udi mwingi wa hapa nyumbani hupikwa na sukari, kwa hiyo kanzu inatoka kabatini tayari ina utamu, na pilipili juu yake haitasikika. Mwombe shati za kazini azifukize ubani mtupu, udi ubaki kwa kanzu ya Ijumaa na za harusi. Siku hizo usipulizie kitu kingine.