Kupima mwendo wa mguu bandia kwa simu, kabla hujagusa skrubu

Mtu akilalamika kwamba mguu haujakaa sawa, mkono wa fundi hukimbilia spana, ageuze skrubu zinazopanga mkao wake. Uzuie kwanza. Haya ndiyo ninayofanya kwa aliyekatwa chini ya goti.

1. Tazama viatu. Awe amevaa vya kila siku. Kisigino kikizidi kile mguu ulichopangiwa, muundi huinamia mbele na goti hutaka kukunjika. Kikipungua, goti husukumwa nyuma. Niliwahi kukaza na kulegeza skrubu za mama mmoja asubuhi nzima, kumbe viatu alikuwa ameviazima. Akarudi nyumbani na mguu niliompotoshea mwenyewe.

2. Hesabu soksi za kigutu, yaani zinazovalishwa sehemu ya mguu iliyobaki. Kigutu husinyaa, soketi (kikombe kinachoshika kigutu) ikalegea, mguu ukaning'inia na kuonekana mrefu anapouinua, na mfupi anapousimamia. Akiwa amesimama, shika nyonga zote mbili uone kama ziko sawa.

3. Chora njia ya mita 14 kwa chaki. Mbili za mwanzo ni za kushika kasi, mbili za mwisho za kupunguza. Pima muda wa 10 za katikati. Sekunde 12.5 ni mita 0.8 kwa sekunde.

4. Tegesha simu juu ya stuli, kimo cha goti, mita 4 au 5 kutoka njiani, ikiitazama njia kwa pembe mraba. Usiishike mkononi, pembe zitakudanganya. Iweke kwenye picha 60 kwa sekunde. Mrekodi mara tatu kila upande, wala usimwambie "tembea vizuri".

5. Hesabu picha. Kazi yenyewe iko hapa. Sogeza video picha moja moja, tangu kisigino kinapogusa chini hadi vidole vinapoachia. Picha 36 ni sekunde 0.6. Linganisha miguu yote miwili. Kwenye kompyuta, Kinovea, programu ya bure, hupima na pembe ya goti. Mguu mzima kukaa chini muda mrefu kidogo ni kawaida. Pengo likiwa kubwa, vua soketi utazame ngozi: huenda anaukimbia mguu kwa maumivu, na hakuna skrubu inayoponya kidonda.

6. Sasa shika spana. Tia alama ya kalamu pale skrubu ilipo, badilisha kitu kimoja tu, kisha rekodi upya. Kwenye faili andika viatu, idadi ya soksi na picha ulizohesabu, ili akirudi uwe na cha kulinganisha.