Kumfundisha mtoto nyumbani kabla ya chekechea: vitabu vya vitambaa, makopo na maneno mengi

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani kwangu Ngamiani, Tanga, na wanangu wote wawili wamekulia chini ya meza ya kukatia nguo. Wateja wakija kupimwa humkuta mdogo amekaa mkekani na kitabu chake cha kitambaa, anafunua kurasa huku anaongea peke yake, na swali huwa lilelile: umemfundishaje huyu? Nimeona bora niandike yote mahali pamoja, maana karibu kila anayeniuliza ana vipande vya kitenge kabatini, ana makopo jikoni, na hajui kwamba anaweza kuanza leo jioni.

Sizungumzii kumkalisha mtoto wa mwaka mmoja mbele ya bango la a, e, i, o, u. Hapa Tanzania darasa la awali humpokea mtoto akiwa na miaka mitano, na herufi atazikuta huko. Kabla ya hapo anachohitaji ni maneno. Ajue vitu kwa majina yake, asikie watu wakimsemesha kwa sentensi kamili, ajifunze kusubiri zamu yake ya kusema, azoee kufungua kitabu akiwa mapajani kwa mtu anayempenda. Mtoto wa namna hiyo akioneshwa "ku" na "ku" darasani, akaambiwa ni "kuku", anamjua anayesomwa. Mwingine atakariri sauti tu.

Miezi ya mwanzo

Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kama kutoka ziwani hadi usoni kwa mama. Basi usihangaike kununua midoli ya kuning'iniza juu ya kitanda, mletee uso wako. Msimulie unachofanya: "Sasa mama anakunja nepi. Hii imekauka, hii bado mbichi, tuirudishe kambani." Kisha nyamaza. Akitoa sauti yoyote, mjibu kama mtu aliyesema jambo la maana, halafu umpe nafasi tena. Watu wengi huongea na mtoto mfululizo bila kumwachia pumzi, na hapo ndipo anapokosa kujifunza mazungumzo.

Macho yake hupenda rangi zinazopingana, hasa nyeusi na nyeupe. Kanga ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusini, inafaa kuliko picha za rangi za kufifia. Itandike ukutani karibu na anapolala, au mlaze juu yake kifudifudi akiwa macho na wewe upo, ajitahidi kuinua kichwa. Akifika miezi minane hivi, jifunike kanga hiyohiyo usoni kisha ujifunue. Anacheka, lakini pia anagundua kwamba mtu asiyeonekana bado yupo. Siku atakayoivuta kanga mwenyewe ili akutafute, badilisha mchezo: ficha kijiko chini ya kanga akiwa anakutazama.

Kitabu cha kitambaa

Hapa nitakaa kidogo, maana ni kazi yangu.

Tafuta amerikani, au kitambaa chochote cha pamba kizito cha rangi moja. Kata vipande vinne, kila kimoja sentimita 34 kwa 18. Kila kipande kitakuwa na picha mbili, moja kushoto na moja kulia, kwa hiyo kitabu kizima kitakuwa na kurasa nane. Picha zikate kwenye vipande vya vitenge na kanga vilivyobaki: samaki, embe, kuku, mwezi, kikombe, mkono wa mtoto mwenyewe uliouchora kwa chaki ya fundi. Chagua vitu anavyoviona nyumbani. Dubu na theluji vitasubiri.

Kabla ya kukata, loweka kila kitambaa kisha ukisugue kwenye kitambaa cheupe. Kikitoa rangi, kiache, kwa sababu kitabu hiki kitanyonywa. Shona picha kwa zigizaga kuzunguka ukingo wote, ukiacha sentimita mbili kutoka pembeni na nafasi ya kutosha katikati. Macho ya samaki na ya kuku yadarizi kwa uzi. Usiweke kifungo wala shanga, hata ukiona umekaza namna gani.

Picha zikikamilika, weka vipande viwili uso kwa uso, shona pande tatu ukiacha sentimita moja ya mshono, geuza, piga pasi, kisha ziba upande uliobaki. Fanya hivyo kwa vile viwili vingine. Sasa weka kimoja juu ya kingine na upige mshono katikati, mara mbili. Kitabu kimekwisha. Kama huna cherehani, sindano ya mkono inafanya kazi hiyohiyo, ila rudia mshono wa katikati mara tatu kwa sababu ndipo atakapovuta. Kikichafuka, fua na sabuni ya kawaida na uanike juani.

Kwa mtoto wa miaka miwili naongeza vitu vya vidole: zipu fupi inayofunguka na kuonesha samaki ndani, mfuko wa kutia na kutoa kipande, kamba fupi ya kufunga. Mikono inayofungua zipu leo ndiyo itakayoshika penseli baadaye.

Anayetaka cha karatasi atumie boksi gumu. Kata kurasa za ukubwa mmoja, bandika picha za watu wa nyumbani (baba, bibi, dada wa jirani anayemlea), funika kila ukurasa kwa selotepu pana, toboa kwa msumari na ufunge kwa kamba ya kiatu. Hicho huwa wanakipenda kuliko vyote.

Namna ya kusoma

Usisome kama unayesoma taarifa ya habari. Mwanangu mdogo ana mwaka na nusu. Hukileta kitabu mwenyewe, ananigeuzia mgongo na kujishusha taratibu mapajani. Hufungua kuanzia nyuma, namwacha. Akifika kwa kuku hugonga kwa kidole. "Ku!"

"Eeh, kuku. Kuku mwekundu. Anafanya nini kuku?"

Hapo nanyamaza na kuhesabu moyoni hadi tano. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani, na ndio unaofanya kazi. Anatazama mlango wa uani, anapunga mkono. "Shii!"

"Kweli! Bibi alimfukuza kuku. Alisema shii, toka, unakula mchele wetu!"

Yeye ametoa silabi mbili, mimi nimemrudishia hadithi nzima ya asubuhi, na yote yametoka kwenye picha moja. Hatukufika mwisho wa kitabu, wala si lazima kufika. Akitaka ukurasa uleule mara kumi, mpe mara kumi. Akiinuka akaenda zake, mwache aende. Akila kitabu, ni kitambaa.

Vitabu vya dukani vya Kiswahili vipo, na vizuri. Tazama vya Mkuki na Nyota na vya E&D Vision, wote wachapishaji wa Dar es Salaam. Kwa asiye na fedha ya kununua mara kwa mara, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili za kupakua bure. Chagua zenye mstari mmoja kila ukurasa, peleka steshenari wakuchapie, kisha weka laminesheni kurasa zile tu anazozipenda.

Makopo, vifuu na kokwa

Kuanzia miezi tisa mtoto hutaka kutia na kutoa, kutia na kutoa. Mpe kopo tupu la maziwa ya unga, uhakikishe ukingo wake haukati, na kokwa za embe zilizooshwa na kukauka. Ukitoboa tundu kubwa kwenye mfuniko, mpe vipande virefu vya kitenge avivute. Kila kinachoingia kiseme: "Ndani! Nje! Kimekwama, vuta!"

Kabla ya kumpa kitu chochote, tumia kipimo hiki. Chukua bomba la katikati la karatasi ya chooni. Kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Vizibo vya soda vinapita, karanga na maharage vinapita, gololi zinapita. Picha za mtandaoni za watoto wadogo wakipanga vizibo zinapendeza, lakini humu ndani haviingii mpaka mtoto avuke miaka mitatu, na hata hapo nakuwa nimekaa naye.

Vifuu vya nazi sokoni ni vitu vya kutupwa. Chagua vya ukubwa tofauti, piga msasa mpaka viwe laini, chemsha, anika. Mtoto wa mwaka mmoja atavigonga apate sauti. Wa miaka miwili atavipachika kimoja ndani ya kingine, na hapo unaleta kikubwa, kidogo, kidogo zaidi. Vilevile tia mchele kwenye chupa ya plastiki, kunde kwenye nyingine, uzibe vifuniko kwa gundi na selotepu, asikilize ipi inalia nzito na ipi nyembamba.

Mchezo wa mapacha ndio ninaoupenda kwa miaka miwili na nusu. Kata miraba ya kitenge, miwili miwili ya aina moja, ukubwa wa kiganja chako. Anza na jozi tatu zinazotofautiana sana. Tandaza mkekani, shika mmoja: "Mwenzake yuko wapi?" Akizoea, ongeza jozi zinazofanana kwa rangi lakini si kwa maua. Jicho linalotofautisha maua hayo ndilo litakalotofautisha b na d.

Kwa donge la kuchezea, changanya kikombe cha unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, kikombe cha maji, kijiko cha mafuta na vijiko viwili vidogo vya maji ya ndimu. Koroga kwenye moto mdogo hadi vishikane viwe bonge, kanda likipoa. Bizari inatoa manjano nzuri. Lina chumvi nyingi, kwa hiyo si la mtoto anayekula kila kitu. Huyo mpe bonge la unga wa chapati, lisilo na chumvi, siku unayopika.

Maji katika beseni na vikombe viwili ni mchezo wa saa nzima. Ila usimwache hata kwa kufuata simu inayolia, na ukimaliza mwaga maji papo hapo. Maji machache ndani ya ndoo yanatosha kumzamisha mtoto.

Kuhusu simu yenyewe, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Kwangu simu ya bibi yao ya kuongea na shangazi aliye Mombasa inaruhusiwa, kwa sababu shangazi hujibu.

Muda na lugha

Mama mwenye kazi hana saa mbili za darasa. Mimi nashikiza masomo kwenye yale ninayoyafanya tayari. Nikisubiri pasi ipate moto, kurasa mbili. Nikitenga vikombe, tunahesabu kwa kugusa: moja, mbili, tatu. Wakati wa kuoga, viungo vya mwili. Usiku ni zamu ya bibi. Humwita mdogo "mume wangu", humsimulia kwa Kidigo, na humtegea kaka yake vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango!" Msimzuie bibi kusema lugha yake. Mtoto hachanganyikiwi kwa kusikia lugha mbili, anapata maneno mara mbili.

Angalia pia kama anakusikia. Akifika mwaka bila kugeuka akiitwa jina wala kuonesha kitu kwa kidole, au miezi 18 bila neno lolote, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili kama "mama njoo", au akipoteza maneno aliyokuwa nayo, nenda kliniki na kadi yake useme hivyo waziwazi. Masikio yanayotoa usaha yatibiwe mapema. Wahudumu wengi wanalielewa jambo hili. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio sambamba na lishe na afya. Mwitikio ndio huo wa kuhesabu hadi tano na kumjibu.

Herufi kwangu huanza mtoto akikaribia miaka minne, tena kwa kuuliza mwenyewe. Huanza na jina lake. Nazikata herufi zake kwenye kitenge kigumu, nazishonea kwenye mfuko wake wa kubebea vitu, naye huzifuata kwa kidole, kila moja kwa sauti yake. Zikizoeleka, nachukua silabi ya kwanza ya jina lake na tunaitafuta nyumba nzima, kwenye mfuko wa unga, kwenye kalenda, kwenye pindo la kanga.